Mashimo ya Teodora katika Mji wa Jangwani

Teodora wangu amewashinda walimu wa kilimo! Msichana wa miaka kumi na sita, mtoto wa Litembo, amelifanya jangwa liote maharage, na barua yenye mhuri inayosema hivyo ninayo hapa mezani, nimeiwekea jiwe juu yake upepo usije ukaichukua!

Litembo, Mbinga,
Jumapili, tarehe 27 Mei, 1956.

Kwa Bibi Mkuu,
Shule ya Kati ya Wasichana,
Ugogoni.

Mheshimiwa Bibi Mkuu,

Shikamoo. Unisamehe kwa kuanza na kelele kabla ya salamu. Mume wangu Eusebius aliniambia, "Mama Teodora, barua huanza kwa shikamoo," nami nikamjibu kwamba habari imekwisha toka kwenye kalamu na karatasi yenyewe ni ya kuhesabu. Sasa basi nakusalimu kwa utulivu. Sisi wazima, mbuzi wazima, kahawa imeanza kuwa nyekundu. Mimi ndiye Walburga, mama mzazi wa Teodora Eusebius, yule msichana mrefu wa darasa la saba mwenye pengo katika meno ya juu. Pengo hilo ni la kwetu, limetoka kwangu.

Barua yako imefika. Ilikuja kwa lori mpaka Mbinga, halafu ikapanda milima kwa miguu mfukoni mwa katekista wetu, Mwalimu Tarsisi. Alinikabidhi baada ya misa, mbele ya watu, nikamwomba aisome kwa sauti. Akaisoma. Nikamwomba aisome tena kwa sababu watu wa nyuma hawakusikia. Watu wa nyuma walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa jirani yangu Vitalia, ambaye alisikia vizuri sana mara ya kwanza, ndiyo maana alikuwa anaondoka.

Umeandika kwamba Teodora ni hodari. Umeandika kwamba maharage aliyoyapanda kwa mtindo wa kwetu yalistawi pale ambapo ya wenzake yalichukuliwa na mvua. Umeandika kwamba likizo hii ya Juni na Julai shule itafungua mpango wa bustani kwa vijana wa mji, wasichana kwa wavulana, sitini kwa hesabu, na kwamba unatuomba mimi na baba yake tutie sahihi karatasi ya ruhusa, ili Teodora abaki huko likizo nzima awafundishe.

Bibi Mkuu, kwa heshima zote, sahihi sitii. Nina malalamiko. Nimeyapa namba kama nilivyofundishwa na masista, maana nilisoma kwao madarasa matatu, na la nne ningelisoma kama si kuolewa.

1. Mmeniharibia mtoto kwa habari ya maji. Teodora aliporudi nyumbani Krismasi ya mwaka juzi nilimchemshia maji ya kuoga, sufuria kubwa tunayopikia wageni. Akachota kikombe kimoja. Kimoja, Bibi Mkuu! Akaoga nacho mwili mzima, maji yaliyodondoka akayakinga kwenye karai, akanawia miguu, na yaliyobaki akaenda kuyamwagia maboga. Nyuma ya nyumba yetu kuna kijito kisichonyamaza mwaka mzima. Na mvua ilikuwa ikinyesha wakati uleule juu ya maboga yaleyale.

Vitalia alichungulia uani akasema, "Mwenzangu, huyu mtoto wako anaoga au anajipaka mafuta?"

Nikamjibu kuwa ndivyo wanavyooga wasomi. Nilisema kwa sauti kubwa, lakini moyoni niliona aibu. Tena mambo hayakuishia hapo. Baba yake alipotaka kumwaga maji ya kunawa mikono, Teodora alimshika mkono, "Baba, hayo bado yana kazi." Tangu siku ile Eusebius akishika kata ya maji anasimama kwanza, anayatazama, kama mtu anayetaka kuyaomba radhi. Nimeolewa na mtu anayeona haya mbele ya maji, na iliyomtia haya hizo ni shule yako.

2. Katika ule umoja wenu wa vijana wa kila Jumamosi mmemfanya kiongozi wa kikosi, mkampa filimbi. Naomba kujua ni nani aliyefikiri kwamba mtoto wangu alikuwa hana sauti ya kutosha. Alikuja nayo nyumbani. Asubuhi ya pili ya likizo, jogoo hajamaliza kuwika, filimbi ikalia uani. Mama mkwe wangu, Bibi Otilia, ambaye aliwahi kuona vita ya Majimaji akiwa msichana, alitoka mbio na blanketi lake, akasimama mstarini kati ya kinu na mbuzi, akanyoosha mikono. Teodora akamkagua kucha. Akamwambia, "Vizuri, Bibi, ila kidole gumba kirudiwe."

Nilidhani mkwe wangu atakasirika. Wapi! Alikata ukucha wa kidole gumba siku hiyohiyo. Na kila Jumamosi mpaka leo anakaa mlangoni amenawa uso, ananiuliza, "Yule afande wangu anarudi lini?" Namwambia amuulize Bibi Mkuu. Jibu la swali hilo liko ofisini kwako.

3. Lalamiko la tatu ni zito, nakuomba ulisome ukiwa umekaa. Ni habari ya sifuri.

Mwezi wa Januari mliwagawia wasichana vipande vya bustani. Mwalimu wa kilimo akapiga kamba, akawaagiza wachimbe matuta yaliyonyooka kama reli. Wote wakachimba matuta. Teodora akachimba ngolo.

Kwa kuwa hujapata kufika kwetu Umatengo, nikueleze ngolo ni nini, tangu mwanzo hadi mwisho. Milima yetu imesimama wima. Boga likikuponyoka mlangoni kwako utalikuta mlangoni kwa jirani, naye atakuambia ni lake. Kwa hiyo sisi hatuchimbi matuta. Mwanamke anashika jembe, anachimba shimo la upana wa kitanda, udongo anautupa pembeni pande zote nne uwe kingo, anahamia shimo la pili, anahamia la tatu, mpaka mlima mzima unafanana na sega la asali. Maharage yanakaa juu ya kingo, mvua inatuama ndani ya mashimo. Maji hayakimbii na udongo haukimbii. Basi, ndiyo ngolo yote hiyo. Ni kazi ya wanawake. Mama yangu aliifanya, na mama yake, na Wajerumani walipofika huku waliikuta, wakasimama kuitazama mpaka jua likawachoma. Mimi mwenyewe sipendi kujisifu, lakini uliza kuanzia hapa mpaka Namswea ni kingo za nani zilizonyooka, watakutajia jina langu hata kama hawataki.

Mwalimu wenu wa kilimo hakusimama kuitazama. Aliandika: "Teodora Eusebius. Mashimo. 0." Kisha akamwagiza ayafukie.

Sifuri ile, Bibi Mkuu, hakupewa mtoto. Nilipewa mimi. Alipewa mama yangu aliyeko kaburini, ambaye hakupata kuingia darasani hata siku moja na kwa hiyo hakuwa na njia ya kujitetea. Na sababu ya sifuri kufutwa haikuwa huruma ya mwalimu, ilikuwa ni mvua. Kabla Teodora hajapata jembe la kufukia ikaja ile mvua yenu, ambayo mnaipata kama watu wanavyopata mgeni mkubwa, mara moja kwa mwaka na kwa vurugu. Matuta ya reli yakaondoka na maji yakaenda upande wa stesheni. Mashimo ya Teodora yakabaki pale, yamejaa mpaka ukingoni, na vyura wakaingia, vyura ambao mpishi wenu alisema hajawahi kuwaona katika uwanja wa shule tangu aajiriwe. Mwezi wa Aprili mabweni yote yalikula maharage ya Teodora. Wewe mwenyewe uliandika kuwa ulirudia sahani. Ahsante.

Lakini ripoti nimeiona. Sifuri imefutwa kwa raba na juu yake imeandikwa mia. Nikiinua karatasi kwenye mwanga naiona bado, imekaa humohumo. Tena hiyo mia nayo ina sifuri mbili, kwa hiyo nilikuwa na moja na sasa ninazo tatu. Nadai mwalimu atafute alama isiyo na sifuri hata moja ndani yake. Tisini na tisa sitaki, maana Vitalia ataniuliza ile moja imekwenda wapi.

4. Sasa nakuja kwenye likizo.

Mtoto wangu sijamwona miezi kumi na saba. Krismasi iliyopita barabara ilikatika kwa mvua, malori yakalala njiani, akabaki shuleni na wasichana wawili na mlinzi. Nilikuwa nimemchinjia jogoo. Tulimla sisi, na kila mtu alisema ametosheka mapema.

Nilipanga kukuandikia kwamba namhitaji kwa ajili ya kuchuma kahawa. Ni uongo. Wachumaji tunao. Nikataka kuandika kwamba kwaya ya kanisa imekosa sauti ya kwanza. Hiyo ni kweli, lakini kwaya inaendelea, ingawa Mwalimu Tarsisi sasa anakunja uso wimbo ukipanda. Ukweli ni kwamba nyumba yangu imekuwa na adabu mno. Hakuna anayebisha. Nikisema ugali umeiva, umeiva. Nikisema mvua itanyesha, Eusebius anaitika, "Itanyesha." Zamani nilikuwa nikisema itanyesha, Teodora anatoka nje, anatazama juu, anarudi kuniambia, "Mama, hilo ni wingu la kupita tu," na mara nyingi alikuwa amekosea, nami nilikuwa nafurahi siku nzima.

Fikiria mwenyewe hesabu hii. Ikiwa mtoto mmoja ametosha kuotesha jangwa zima, basi sisi tuliobaki huku tumepungukiwa na mtu wa ukubwa gani?

5. Sitaki kulalamika tu bila kuleta shauri, kwa hiyo shauri langu ni hili. Badala ya Teodora kubaki huko, leteni hao vijana sitini huku.

Nyumba nimekwisha zigawa. Kwangu watakaa wanane. Kwa Mwalimu Tarsisi watakaa wale wanaopenda kusali au wanaohitaji kusali. Vitalia atapewa wanaokoroma. Watachimba ngolo kwenye mlima wenyewe, mahali ambapo mtu akikosea anajua mara moja, kwa sababu anaanguka. Wataoga mtoni mara tatu kwa siku mpaka kikombe kiwatoke akilini. Jumapili tutawateremsha mpaka ziwani, upande wa Lipingo, wakae ufukweni na kula usipa, samaki wetu wadogo, wa kuchoma, watazame maji ambayo hayahesabiwi na mtu. Natabiri kuwa watalia kidogo. Tutawaacha walie, kisha tutawapandisha mlima, na huko hakuna anayelia kwa sababu pumzi haitoshi.

Usiniambie safari ni ndefu. Serikali iliwahi kuleta matrekta kwa meli kutoka ng'ambo ili yalime karanga kwenye nyika kama hiyo yenu, nasi huku tulisikia habari za matrekta miaka mingi kuliko habari za karanga. Kama trekta liliweza kuvuka bahari, kijana wa Ugogoni anaweza kuvuka Iringa.

6. Ikiwa shauri la tano ni gumu, basi ombi langu la mwisho ni jepesi: uhame mji wenyewe.

Sioni kikwazo. Huko hakuna maji na huku yapo. Mnatumia waalimu, mipango, filimbi na binti yangu kuyalazimisha maji yaende mahali yasipotaka kwenda, wakati watu wana miguu. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya yenu, akitia sahihi, watu wakafunga mizigo, mnaweza kuwa hapa kabla ya masika. Tutawapa bonde. Shule itajengwa karibu na kwangu ili nisaidie kusimamia. Reli ing'olewe, iliwekwa na watu na watu wataing'oa. Stesheni tutaiweka jirani na Vitalia, maana yeye hupenda kujua nani amefika na nani ameondoka. Kuhusu treni kupanda mlima wa Litembo, wanaume wetu kila masika wanasukuma malori, kwa hiyo watasukuma na treni. Eusebius ameniambia treni ni nzito kuliko lori. Nimemwambia aliyeolewa na mtu wa maneno kama hayo ni mimi, si Bibi Mkuu, asikukatishe tamaa.

Jangwa lenyewe liachwe pale lilipo lipumzike. Limesumbuliwa sana.

Kwa hayo yote nadai, kwa adabu: Teodora apandishwe basi kabla ya tarehe 10 Juni, ripoti iandikwe upya, na karatasi ya ruhusa naibakiza hapa nyumbani bila sahihi, nimeiweka ndani ya kitabu cha sala ili hata shetani asinishawishi.

Sina kinyongo na mtu. Nisalimie waalimu wote. Msalimie mwalimu wa kilimo, mwambie mimi ni mtu mpole sana ila tusikutane kwanza. Nisalimie mpishi aliyewatambua vyura. Nisalimie mlinzi aliyekaa na mwanangu Krismasi, yeye msalimie mara mbili. Wasalimie wasichana wa bweni lake, hasa yule Serafina anayemsuka nywele, maana kazi ya nywele za Teodora naijua. Bibi Otilia anakusalimu akiwa amesimama. Eusebius anakusalimu. Hata Vitalia anakusalimu, ingawa hajui kuwa nimemwandika.

Nabaki katika heshima na katika msimamo wangu,

Walburga, mama yake Teodora.

NYONGEZA. Bibi Mkuu, tafadhali usichukue hatua yoyote juu ya hayo ya juu kabla ya kusoma haya ya chini.

Nilipomaliza kuandika niliisoma barua yote kwa sauti, Eusebius akisikiliza huku anarekebisha kikapu cha kahawa, na mama yake akiota jua mlangoni. Nilisoma vizuri. Nilipofika kwenye ngolo nilisimama kabisa. Mwisho nikaikunja, nikangoja sifa.

Eusebius akasema, "Barua nzuri, Mama Teodora. Ila nilikuwa nasikiliza nisikie mimi naingia wapi."

"Unaingia wapi katika nini?"

"Katika ngolo. Majani kalaza nani?"

Nilikaa chini, Bibi Mkuu.

Kabla mwanamke hajashika jembe, mwanaume hutangulia shambani. Anafyeka majani, anayaacha yakauke, kisha anayalaza mlimani kwa mistari, mingine ya kushuka na mingine ya kukatisha, mpaka panatokea vyumba vya mraba. Mwanamke anachimba katikati ya chumba, na udongo anautupa juu ya majani hayo. Majani ndiyo yanayoshika kingo, na yakioza ndiyo yanayolisha maharage. Kingo zisizo na majani ndani yake husimama msimu mmoja kwa kiburi tu, na mvua ya mwaka wa pili huzifanya uji. Mimi nimekueleza ngolo tangu mwanzo hadi mwisho, na mwanzo wenyewe nimeuruka. Miaka ishirini na moja nimekuwa nikitupa udongo juu ya majani ya mume wangu, na sikuyaona, kwa sababu kila nilipofika shambani niliyakuta yamekwisha lazwa.

Nikatoa barua za Teodora zote, nikatafuta majani. Hakuna. Ameandika: "Mama, nilichimba kama unavyochimba wewe." Ndivyo alivyofanya, maskini. Alikuwa akinitazama mimi. Baba yake alikuwa amemaliza sehemu yake siku tano kabla na kurudi nyumbani, hakupiga filimbi.

Bibi Otilia alicheka mpaka blanketi likamdondoka. "Mkwe wangu," akaniambia, "hayo si ngolo. Ni mashimo. Mwalimu aliandika alichokiona."

Na kwa kuwa nimeanza kukiri, nimalize. Teodora hapa nyumbani hakupata kumaliza kuchimba hata vyumba vitatu. Kila akishika jembe nilikuwa namnyang'anya nampa kitabu, nikiona fahari. Anajua nusu ya ngolo, na nusu hiyo aliiona kwa mbali.

Sasa fikiria vijana sitini. Watarudi kwao kila mmoja na mashimo yake, mvua itakuja, kingo zitalala chini, na wazazi sitini watauliza mwalimu wao alikuwa nani. Nilimwambia Eusebius kwamba ndiyo sababu zaidi ya kumwita nyumbani upesi, kabla hajaanza kufundisha. Akaniuliza, "Umwite aje ajifiche kwetu?" Mtu huyu hasemi sana, na ndiyo taabu yake, maana akisema hakuna pa kupita. Mtoto aliyekwisha simamishwa mbele ya watu huwezi kumvuta gauni kwa nyuma.

Kwa hiyo Teodora asirudi. Karatasi ya ruhusa imo ndani ya bahasha hii, ina sahihi yangu na ya baba yake. Ile kubwa inayotoka nje ya mstari ni ya baba yake. Tunakuja sisi. Anakuja Eusebius na wanaume wawili wa kulaza majani, nakuja mimi na wanawake watatu wenye majembe, na Bibi Otilia amekwisha funga mzigo, haambiliki. Kahawa yetu ataichuma Vitalia na watu wake. Amekubali kwa sharti moja, kwamba nikirudi nisimsimulie.

Eusebius anasema kama majani ya kutosha hayapo huko, mabua ya uwele na ya mtama yanafaa vilevile. Kila kijana aje na mzigo mmoja kutoka kwao. Mwalimu wa kilimo aje na kamba yake, tutaihitaji kunyooshea mistari, na nitamsalimu kwa mikono miwili. Najua udongo wenu wakati huo ni mgumu kama jiwe. Tutachimba polepole. Mpaka tufike, vijana wasafishe shamba tu, mashimo yasianze.

Teodora usimwambie habari ya majani. Mwambie wazazi wake wanakuja kumtazama akifundisha, basi. Baba yake atatangulia shambani mapema na kulaza mistari yake kimya kama kawaida yake, lakini safari hii mtoto atakuwepo akimwona. Yeye ana akili, hatahitaji kuambiwa na mtu. Ataanza yeye mwenyewe kuwaeleza wale vijana kwamba ngolo huanza na baba, nami nitasimama nyuma nibishe kidogo ili asinizoee vibaya.

Waje vijana wote sitini na wazazi wao, waje waalimu, mpishi, mlinzi na yeyote wa mji huo mwenye mikono miwili, nawe Bibi Mkuu uje na viatu vya kuchafuka, jua linapochomoza, Jumatano, tarehe 11 Julai.